Daktari Aliyevuliwa Koti

Huenda msomaji akashangaa kwamba mtu anayelipwa kufundisha isimu hutumia jioni zake kumsikiliza pengwini akibishana na daktari asiye na jina. Pengwini huyo, aitwaye Frobisher, alizaliwa katika kurasa za katuni mwaka wa 1984, akachorwa kwa miaka kadhaa bila kusikika, kisha mwaka wa 2000 akapewa sauti katika tamthilia iliyotungwa kwa ajili ya masikio pekee. Safari yake kutoka jicho hadi sikio ndiyo iliyonifanya nianze kuzikusanya tamthilia za sauti na katuni za Doctor Who, na ndiyo itakayoniongoza katika makala haya. Dai langu ni moja: kwamba Daktari ambaye televisheni ilimharibu na kumtupa aliokolewa na sanaa mbili maskini, moja isiyo na picha na nyingine isiyo na sauti, na kwamba kilichomwokoa ni lugha.

Kwanza maelezo mafupi kwa asiyeufahamu mfululizo wenyewe. Doctor Who ilianza kuonyeshwa na shirika la BBC nchini Uingereza tarehe 23 Novemba 1963. Shujaa wake ni msafiri anayejiita Daktari, mmoja wa Mabwana wa Wakati, ambaye huzunguka katika enzi na sayari zote ndani ya chombo kiitwacho TARDIS. Kwa nje chombo hicho hufanana na kibanda cha polisi cha rangi ya samawati, cha aina ambayo Waingereza waliitumia zamani kupigia simu. Kwa ndani ni kipana kama jumba. Anapokaribia kufa, Daktari hubadilika mwili na tabia akawa kama mtu mwingine. Hila hiyo ilibuniwa mwaka wa 1966, William Hartnell, mwigizaji wa kwanza, alipoondoka na nafasi yake ikachukuliwa na Patrick Troughton, na kwayo hadithi imedumu kwa zaidi ya miaka 60. Mmoja wa waliowahi kuushika wadhifa huo, Ncuti Gatwa, alizaliwa Rwanda mwaka wa 1992, jambo ambalo wanafunzi wangu hulipenda kuliko yote ninayowaeleza kuhusu mfululizo huu.

Daktari ninayemzungumzia ni wa sita, aliyeigizwa na Colin Baker kuanzia mwaka wa 1984. Katika hadithi yake ya kwanza, The Twin Dilemma, akili yake inavurugika baada ya kubadilika mwili, naye anamkaba koo Peri, msichana anayesafiri naye. Fauka ya hayo, mtayarishaji John Nathan-Turner alikuwa ameagiza kwamba mwigizaji avishwe koti la kuchukiza macho kwa makusudi, na agizo lake likatekelezwa kikamilifu: viraka vya manjano, vya waridi, vya kijani na vyekundu, kila kimoja kikigombana na jirani yake. Mtazamaji aliliona koti kabla hajamsikia mtu aliyelivaa. Mwaka wa 1985 BBC ilitangaza kuusimamisha mfululizo kwa miezi 18. Uliporejea mwaka wa 1986 ulikuwa na vipindi 14 tu, na baada ya hivyo Baker akaachishwa kazi. Hakupewa hata hadithi ya kuagia. Mwaka uliofuata mrithi wake, Sylvester McCoy, alivishwa wigi ili ionekane kwamba ni Baker aliyelala sakafuni akibadilika. Kufikia Desemba 1989 mfululizo mzima ulikuwa umezimwa, na ukiondoa filamu moja ya mwaka wa 1996, haukupata makao tena kwenye televisheni hadi 2005.

Sasa tuiache televisheni tufungue jarida. Katuni za Doctor Who zimekuwapo tangu 1964, zilipoanza kutokea katika TV Comic, ambako Daktari aliambatana na wajukuu wawili, John na Gillian, ambao televisheni haikuwajua kamwe. Hizo za awali simhimizi mtu kuzitafuta, isipokuwa awe mwanahistoria mwenye subira. Ukurasa mpya ulifunguliwa Oktoba 1979 lilipoanzishwa jarida la kila wiki, ambalo baadaye lilikuwa la kila mwezi na kuitwa Doctor Who Magazine. Tangu toleo la kwanza lilikuwa na hadithi ya katuni iliyotungwa na kuchorwa na watu walioiheshimu kazi yao. Daktari wa sita alipoingia, mwandishi alikuwa Steve Parkhouse na mchoraji John Ridgway.

Ridgway huchora kwa mistari myembamba iliyosukwa kama ukili. Ukizitazama kurasa zake za miaka ya 1984 na 1985, jambo moja hukujia pole pole: zilichapishwa kwa rangi nyeusi na nyeupe. Koti limegeuka kijivu. Bado lina viraka, bado lina mikunjo, lakini kelele zake zimezimwa, na kwa mara ya kwanza jicho linapanda hadi usoni mwa mtu. Hapo tunakutana na Daktari mwingine kabisa, mpole kiasi, mwenye shaka, anayeota ndoto mbaya. Hadithi iitwayo Voyager inaanza na meli inayoelea kuelekea ukingoni mwa dunia, naye Daktari akiwa mfungwa ndani yake. Kuna jitu lisiloelezwa sawasawa, na kuna mzee mjanja aitwaye Astrolabus, mwizi wa ramani za nyota. Parkhouse haelezi mambo. Anaacha fremu nzima bila kiputo hata kimoja, theluji ikianguka, na msomaji analazimika kusoma kimya hicho. Mwandishi anayejua kunyamaza ni wa kuthaminiwa popote, na katika fasihi ya watoto na vijana ni adimu.

Frobisher ndiye anayeusawazisha uzito huo. Kwa asili ni kiumbe anayeweza kugeuka umbo lolote, mpelelezi wa kulipwa kutoka sayari ya mbali, ambaye kwa sababu zake mwenyewe ameamua kuishi kama pengwini. Maneno yake ni ya mkato, ya mtu wa mjini aliyezoea kudai malipo kabla ya kazi. Daktari naye hupenda sentensi ndefu na msamiati mzito. Wawili hao wakiwa katika fremu moja, huhitaji kutazama mkia wa kiputo kujua nani kasema. Hicho ndicho kipimo changu cha mazungumzo katika katuni: funika michoro kwa mkono, usome viputo peke yake, kisha uone kama wahusika bado wanatofautiana. Katuni nyingi huanguka mtihani huo. Za Parkhouse hufaulu.

Tugeukie sikio. Majaribio ya kuigiza Doctor Who kwa sauti yalianza zamani. Mwaka wa 1976 palikuwa na santuri iliyomshirikisha Tom Baker, na mwaka wa 1985, wakati wa ile likizo ya kulazimishwa, redio ya BBC ilitangaza Slipback, mchezo wa sehemu sita wenye Daktari wetu wa sita. Slipback ni mchezo dhaifu. Unajitahidi kuchekesha, na kompyuta ya chombo cha anga imepewa sauti ya kipuuzi inayochosha kabla ya sehemu ya pili kwisha. Mambo yalibadilika Julai 1999, kampuni ndogo ya Uingereza iitwayo Big Finish ilipotoa The Sirens of Time, tamthilia iliyowakusanya Madaktari watatu wa televisheni: Peter Davison, Colin Baker na Sylvester McCoy. Tangu hapo kampuni hiyo imetoa mamia ya tamthilia, kwanza kwenye diski na kanda, na siku hizi kwa kupakuliwa kwenye intaneti.

Hakuna aliyefaidika kama Baker. Katika studio ya sauti koti halipo. Kilichobaki ni sauti nene, yenye mawimbi, inayoweza kupanda hadi ghadhabu na kushuka hadi mnong'ono katika sentensi moja. Watunzi wakatambua kwamba ule ulimi wa majivuno uliowaudhi watazamaji ulikuwa hazina, maadamu upewe mtu wa kuujibu. Wakambunia Evelyn Smythe, mhadhiri wa historia mwenye umri wa miaka 55, akaigizwa na Maggie Stables kuanzia tamthilia ya The Marian Conspiracy ya mwaka wa 2000. Naomba msomaji azingatie jambo hilo. Televisheni ilikuwa imezoea kumpa Daktari wasichana wa kupiga mayowe na kukimbizwa. Evelyn hakimbii, magoti hayamruhusu. Anapenda kakao, anamsahihisha Daktari tarehe zake, na akiona amekosea anamwambia waziwazi, kama mwalimu mkongwe anavyomkemea mwenzake katika chumba cha walimu. Daktari aliyezoea kuwakatiza wote anajifunza kusubiri zamu yake ya kusema. Ukitaka kujua kwamba mhusika amekua, sikiliza ni mara ngapi anamwacha mwenzake amalize sentensi.

Kati ya tamthilia alizocheza Evelyn, ile inayozungumzwa zaidi ni Jubilee ya mwaka wa 2003, iliyotungwa na Robert Shearman. Daktari na Evelyn wanatua katika London ambayo historia yake imepinda. Mwaka wa 1903 Waingereza waliwashinda Dalek, maadui wakuu wa Daktari, viumbe wenye chuki waliojifungia ndani ya magamba ya chuma. Wakachukua silaha zao, wakajenga dola inayoitawala dunia. Miaka 100 baadaye wanajiandaa kusherehekea. Dalek mmoja aliyesalia amefungwa katika Mnara wa London, ameteswa kwa karne nzima, na atauawa hadharani siku ya sherehe. Nje ya gereza Dalek wamekuwa mzaha, sura zao zikiuzwa kama bidhaa. Ndani ya gereza Evelyn anazungumza na mfungwa, na pole pole msikilizaji anabaini ni nani hasa wamekuwa Dalek. Wasomaji wa Walenisi, riwaya ya Katama Mkangi ya mwaka wa 1995, wataitambua njia hii mara moja. Mkangi alimrusha shujaa wake Dzombo hadi sayari ngeni, akaificha siri ya safari hiyo katika jina la sayari lenyewe, ambalo ukilikata vizuri linakuambia kwamba wale ni sisi.

Lakini kilichonifanya nisimamishe diski na kuirudisha nyuma ni jambo dogo la kisarufi. Katika dola hiyo ya Shearman serikali imepiga marufuku ufupishaji wa maneno. Mwingereza anayetaka kuunganisha kitenzi na kikanushi, kama wafanyavyo Waingereza wote katika mazungumzo, anavunja sheria. Jaribu kuihamisha sheria hiyo katika Kiswahili: usiseme mwanangu, sema mwana wangu, usiseme mumeo, sema mume wako, nduguye ni kosa la jinai. Baada ya dakika chache mazungumzo yote yanakuwa kama gwaride. Msikilizaji haonyeshwi kambi za mateso wala askari mabarabarani. Anausikia udikteta ukiwa ndani ya sintaksia, na hofu ya wananchi inapimwa kwa jinsi wanavyotamka maneno yao kikamilifu mno. Televisheni iliichukua mbegu ya tamthilia hii ikaipanda katika kipindi kiitwacho Dalek cha mwaka wa 2005, kilichoandikwa na Shearman huyo huyo. Kipindi hicho ni kizuri, ila ile sheria ya sarufi haikuvuka pamoja na mfungwa.

Ipo tamthilia nyingine inayoishambulia lugha ana kwa ana. Jina lake lina herufi tatu tu zilizotanguliwa na vitone: ...ish, ya Philip Pascoe, ya mwaka wa 2002. Wanaleksikografia wamekutana, mmoja wao anapatikana amekufa, na mshukiwa ni neno. Nyuma ya mkasa kuna kiambishi tamati kile ambacho Kiingereza hukitumia kupunguza ukali wa maana, ili chekundu kiwe chekundu kidogo, na saa mbili ziwe karibu saa mbili. Kinaenea kama maradhi, na kila kinapogusa, maana inalegea. Baker anaifurahia kila silabi, na Nicola Bryant, Mwingereza anayemwigiza Peri kwa lafudhi ya Kimarekani, anapewa nafasi ya kuutetea Uingereza wa kawaida usio na kamusi. Nakiri kwamba msikilizaji asiyependa michezo ya maneno atachoka, kwa maana katikati mchezo unajizungukazunguka. Hata hivyo mwalimu wa Kiswahili atajiuliza swali la papo hapo: sisi hulegeza maana kwa njia gani? Hatuna kiambishi kama hicho. Tuna uradidi. Nguo yenye majimaji haijalowa, na kitambaa chekundu chekundu hivi hakijafika kwenye wekundu. Lakini uradidi huo huo, ukitamkwa kwa kiimbo tofauti, hutia mkazo badala ya kuupunguza. Karatasi haiwezi kuamua ni upi uliokusudiwa. Sikio huamua mara moja.

Na sasa nirudi kwa pengwini. The Holy Terror, ya Shearman pia, ndiyo iliyompa Frobisher sauti, ya mwigizaji Robert Jezek. Yaanza kwa kicheko. TARDIS inatua katika ngome ambamo kila mfalme huabudiwa kama mungu hadi siku anapokufa, na kufa kwake huthibitisha kwamba alikuwa mungu wa uongo. Kila jambo limewekewa ibada: usaliti una ibada yake, njama zina ibada yake. Frobisher anafanywa mfalme, hivyo pengwini anakuwa mungu, nasi tunacheka. Kisha tunashushwa ghalani. Huko chini mtoto amelelewa gizani bila kusikia neno hata moja la mwanadamu, kwa kuwa baba yake anataka kujua kama atainuka akiongea lugha ya Mungu.

Kila mwanafunzi wa isimu anakijua chanzo cha wazo hilo. Mwanahistoria Mgiriki Herodoto alisimulia jinsi Farao Psamtiki alivyowakabidhi watoto wawili wachanga kwa mchungaji, akaamuru wasisemeshwe, ili ijulikane ni lugha gani iliyo ya kwanza duniani. Watoto wakatamka neno lililofanana na jina la mkate katika lugha ya Wafrigia, na Farao akatosheka. Darasani tunakitaja kisa hicho kwa tabasamu, tunakipita tukaingia katika nadharia za upataji wa lugha. Shearman hakipiti. Anauliza mtoto wa namna hiyo angekuwa nani, na angemtaka nani alipe. Jibu lake ni la kutisha, na sitalitoboa hapa. Nitasema tu kwamba linamhusu mzee mpole aitwaye Eugene Tacitus, mwandishi wa historia takatifu ya ngome hiyo, na kwamba Frobisher, kikaragosi aliyechorwa ili kuchekesha, ndiye anayebaki na huzuni mwishoni. Tangu niisikilize sijaweza kukifundisha kisa cha Farao kwa tabasamu lile la zamani.

Si kila kitu cha Big Finish kina thamani hiyo. Kasoro kubwa ya tamthilia za sauti, na hili linazihusu hata michezo ya redio ya kwetu, ni mhusika anayegeuzwa macho ya msikilizaji. Mtu anamwambia mwenzake, ambaye yuko pale pale na ana macho yake mawili, kwamba mlango mkubwa wa chuma unafunguka na askari watano wanaingia na bunduki mikononi. Hakuna binadamu anayesema hivyo. Baadhi ya tamthilia za mwanzo za kampuni hiyo zimejaa maelezo ya aina hiyo, na mapigano hasa huwa ni vurugu ya vishindo na miguno ambayo mtu haelewi nani kampiga nani. Katuni nazo zina ugonjwa unaolingana: kiputo kinachorudia kile ambacho mchoro umekwisha kusema. Kisanduku cha simulizi kinatuarifu kwamba Daktari anakimbia, juu ya mchoro wa Daktari anayekimbia. Magonjwa hayo mawili ni mamoja. Mtunzi haiamini sanaa aliyoichagua, anaikopea kiungo ambacho haina.

Sanaa hizo mbili zinapokutana ndipo mambo yanapoonekana vizuri, na mfano bora ni The Star Beast. Ilianza kama katuni mwaka wa 1980, ikitungwa na Pat Mills na John Wagner na kuchorwa na Dave Gibbons. Mnyama mdogo mwenye manyoya na macho makubwa, Meep, anaanguka kutoka angani katika mji wa kubuniwa wa Uingereza, na watoto wawili wa shule wanamficha. Kila mtu anamhurumia. Gibbons anatuchorea uso wa malaika, kisha anaweka juu yake kiputo cha mawazo, na katika kiputo hicho tunasoma kwamba mnyama ni dhalimu anayewadharau wote wanaombusu. Katika fremu moja msomaji anajua asichokijua mhusika. Big Finish walipoifanya tamthilia ya sauti mwaka wa 2019, wakiwa na Tom Baker, hawakuwa na kiputo cha mawazo. Ilibidi unafiki wote ukae katika sauti, utamu wake uzidi kidogo kiasi cha kutia shaka. Mwaka wa 2023 televisheni nayo iliichukua, kwa sauti ya Miriam Margolyes. Mwalimu anayefundisha kinaya hatapata mfano mmoja ulio na sura tatu kama huu.

Mmoja wa watoto wale wa shule ni Sharon, msichana mweusi, anayehesabiwa kuwa mtu mweusi wa kwanza kusafiri na Daktari kama mwandani wake. Miaka 27 ilipita kabla televisheni haijampa Daktari mwandani mkuu mwanamke mweusi, Martha Jones, mwaka wa 2007. Katuni iliwezaje kutangulia? Jibu moja ni kwamba mchoro ulitosha. Gibbons alimchora, akawapo, na hadithi ikaendelea bila hotuba. Tamthilia ya sauti haina njia hiyo. Ama mtu ataje rangi yake, na kuitaja ni kuifanya kuwa mada, ama inyamaziwe, na ikinyamaziwa wasikilizaji wengi watamwona mzungu akilini mwao. Tatizo hilo sijaona limetatuliwa vizuri katika tamthilia yoyote ya sauti niliyoisikia, za Waingereza au za wengine.

Kwa upande mwingine, katuni ina tatizo la kelele. Sauti ya TARDIS inapotua ilitengenezwa mwaka wa 1963 na Brian Hodgson wa warsha ya sauti ya BBC, kwa kukwaruza ufunguo wa nyumba juu ya nyuzi za piano. Kwenye redio ni sekunde chache tu na kila mpenzi wa Doctor Who anajua yuko wapi. Wachoraji wa jarida waliiandika kwa herufi kubwa zinazopindapinda kuuzunguka mchoro: VWORP, VWORP. Wasomaji walilikubali neno hilo hadi sasa wanalitamka hata wanapozungumza. Walimu wetu hufundisha tanakali za sauti kama orodha ya kukariri: tumbukia chubwi, kimya jii, mweupe pe. Wanafunzi wanazikariri, wanapita mtihani, wanazisahau. Nilipowapa wanafunzi wa mwaka wa kwanza ukurasa wa katuni na kuwaomba waiandike sauti hiyo kwa Kiswahili, darasa zima lilizuka. Silabi zetu asilia aghalabu huishia kwa irabu, hivyo ile p ya mwisho ilitimuliwa papo hapo. Mmoja alipendekeza vwoo-vwoo, mwingine akapinga kwamba hilo ni trela la mizigo likipanda mlima, wa tatu akaleta hworoo, yenye mkwaruzo wa ufunguo ndani yake. Hilo la mwisho ndilo lililoshinda kwa kura.

Nimeiacha kwa makusudi tamthilia ninayoipenda kuliko zote, kwa kuwa inawahusu wanaosoma ukurasa huu kuliko nyingine. Ni Doctor Who and the Pirates ya mwaka wa 2003, ya Jacqueline Rayner, mtunzi yule yule aliyemwanzisha Evelyn. Evelyn amerejea duniani kwa muda na anabisha hodi kwa mwanafunzi wake, msichana aitwaye Sally. Sally hataki mgeni. Evelyn anajikaribisha, anaanza kusimulia kisa cha maharamia ambacho yeye na Daktari walikiishi. Anasimulia vibaya. Anasahau majina, anatia chumvi, anaruka sehemu, na Sally anamkosoa kwa uchovu. Baadaye Daktari anafika na kujiunga katika usimulizi, na sehemu ya tatu yote inageuka kuwa mchezo wa nyimbo kwa mtindo wa Gilbert na Sullivan, Baker akiimba kwa furaha isiyo na aibu. Msikilizaji anajiuliza upuuzi huu una maana gani.

Una maana kwamba Evelyn anaikwepa sehemu moja ya kisa. Melini palikuwa na kijana mdogo ambaye hakuweza kumwokoa, na kila anapokikaribia kifo chake, hadithi inapiga kona. Tena anajua, nasi tunakuja kujua, kwamba Sally alikuwa amemwandikia barua, na kwamba msichana huyo hakukusudia kuuona usiku ule ukiisha. Nyimbo zote zile, mizaha yote ile, ni mwalimu anayemshikilia mwanafunzi wake kwa maneno hadi kupambazuke. Anapoishiwa na mizaha inambidi aiseme ile sehemu aliyoikwepa, polepole, bila muziki, na sauti ya Maggie Stables inapofika hapo haina tena ucheshi wa mhusika wa kubuni. Katuni isingeweza kulifanya hilo, kwa maana ingetulazimu tuione meli. Televisheni ingetuonyesha damu. Hapa kuna chumba kimoja na watu wanaoongea.

Maggie Stables alifariki mwaka wa 2014. Colin Baker, aliyezaliwa mwaka wa 1943, ameendelea kurekodi hata baada ya kutimiza miaka 80, na saa alizozungumza kama Daktari studioni zimepita kwa mbali zile alizopewa na televisheni. Mwaka wa 2002, Big Finish na BBC walipotoa Real Time, tamthilia ya mtandaoni yenye michoro ya Lee Sullivan, ilibidi Daktari wa sita achorwe upya. Sullivan ni mmoja wa wachoraji wa lile jarida. Alimpa koti la samawati.

Anayetaka kuanza aziache zile za televisheni kwa sasa. Aanze na The Marian Conspiracy, kisha Jubilee, kisha ile ya maharamia, aisikilize kwa kikao kimoja. Katuni za Ridgway na Parkhouse zimekusanywa na kampuni ya Panini katika kitabu kiitwacho Voyager, na humo zimebaki vile vile, nyeusi na nyeupe.